Enjili kwa Mizani ya Pwani

Mwaka 1934 Kambarage, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alitoka Butiama kwenda kuanza shule Mwisenge, Musoma. Alikuwa amelelewa katika dini ya jadi, nyumbani kwa mtemi mwenye wake zaidi ya 20. Mafundisho ya Kikristo aliyapata masomoni, akabatizwa Desemba 1943 kwa jina la Julius, akiwa kijana wa miaka 21. Hakuirithi imani hiyo; aliichagua.

Miaka 11 baadaye Mkatoliki huyo, mwalimu wa shule ya misheni ya Pugu, alikabidhiwa uongozi wa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, huko Dar es Salaam. Waliomzunguka wengi walikuwa Waislamu, akina Abdulwahid Sykes, Dossa Aziz na Bibi Titi Mohamed. Ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilimtaka awaone binadamu wote kuwa ndugu zake. Mkristo aliisikia amri ya upendo, Mwislamu akasikia habari ya wana wa Adamu, na hakuna aliyelazimika kubadili dini ili aikubali. Hapo ndipo ilipo nguvu ya mafundisho ya Enjili: yanapokuwa wajibu kwa jirani, mlango wake ni mpana.

Luka ameonyesha siri hiyo katika sura ya 10. Mtu ameporwa na kupigwa njiani. Kuhani na Mlawi wanampita. Anayemwokoa ni Msamaria, mtu ambaye ibada yake ilidharauliwa na wale wale wanaosimuliwa kisa. Yesu alimfanya mtu wa dini nyingine kuwa kielelezo. Ni vigumu kwa kisa cha namna hiyo kubaki mali ya kanisa moja. Gandhi naye, Mhindu, aliisoma Hotuba ya Mlimani akiwa mwanafunzi London, ikamgusa moyo, na akabaki Mhindu.

Mwaka 1970 Nyerere, akiwa Rais wa Tanzania, aliwaambia masista Wakatoliki wa Maryknoll, huko New York, kwamba Kanisa lisiposimama na maskini dhidi ya mifumo inayowakandamiza, litahesabiwa pamoja na wakandamizaji. Mapadre wa Maryknoll walikuwa wakifanya kazi Musoma tangu 1946, kwa hiyo onyo hilo lilihusu pia nyumbani kwake. Haki inadai kusema pia kwamba mwanafunzi huyu wa Enjili hakuitimiza kila mahali: katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, wakulima wengi walihamishwa kwa nguvu, na undugu wa kulazimishwa si undugu.

Baada ya kung'atuka urais alifanya jambo ambalo halijapata sifa inayostahili. Alizitunga upya Enjili kwa utenzi, zikachapishwa mwaka 1996 na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Utenzi wenye mizani nane kila mshororo ulikuzwa na Waislamu wa Pate na Lamu. Utendi wa Tambuka ni wa mwaka 1728, na Mwana Kupona alimwandikia bintiye utendi wake mwaka 1858. Mzanaki wa Butiama aliazima chombo kilichofinyangwa na washairi wa Kiislamu akakijaza maneno ya Yesu, na chombo hakikupasuka.

Leo anayetoka Mwanza hupita Bunda kabla ya kukata kuelekea Butiama alikozikwa Nyerere. Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Msomaji wa dini yoyote na autafute utenzi wake wa Luka, ausome kwa sauti mbele ya jirani wa dini nyingine, kisha amuulize ni fundisho gani humo asilolifahamu tayari.