Nyimbo za Zamani, Hadithi Mpya: Ifahamu Tamthilia ya Jukiboksi

Kikundi cha vijana kinaweza kuwa na waigizaji hodari na waimbaji wenye sauti nzuri, lakini kikakosa mtunzi wa nyimbo. Ipo aina ya mchezo wa jukwaani inayotatua tatizo hilo kwa kuchukua nyimbo zinazojulikana tayari na kuzisukia hadithi mpya. Makala haya yanaeleza jinsi mchezo wa aina hiyo unavyojengwa, kwa mfano wa tamthilia ya Uingereza kuhusu wasichana wawili wanaopevuka katika mji wa bahari. Yanaeleza pia jambo ambalo ni rahisi kulisahau hadi tiketi zimeshauzwa: wimbo unaojulikana na kila mtu bado una mwenyewe.

Tamthilia ya jukiboksi ni nini?

Jukiboksi ni sanduku kubwa la muziki lililokuwa likiwekwa katika baa na mikahawa. Mteja alitumbukiza sarafu, akabonyeza kitufe cha wimbo alioutaka, na santuri ikaanza kuzunguka. Tamthilia ya jukiboksi ilipata jina lake hapo, kwa sababu nyimbo zake hazikutungwa kwa ajili ya mchezo. Zilivuma kwanza redioni na katika kumbi za dansi, kisha mwandishi akaja baadaye akazichagua na kuzipangia hadithi.

Ugumu wake uko hapo hapo. Katika mchezo wa kawaida wa muziki, hadithi hutangulia na wimbo hutungwa kuifuata. Hapa mambo hugeuka. Maneno ya wimbo yapo tayari, kwa hivyo mhusika ndiye anayetafutiwa sababu ya kuyaimba. Sababu hiyo ikikosekana, mchezo hugeuka kuwa tamasha tu: watu husimama, huimba, huketi, na hadithi haisongi mbele.

Mfano uliovuma zaidi ni *Mamma Mia!*, ulioanza kuonyeshwa London tarehe 6 Aprili 1999. Mwandishi Catherine Johnson alichukua nyimbo za kundi la ABBA la Uswidi, akazitungia hadithi ya msichana wa miaka 20 katika kisiwa cha Ugiriki anayetaka kumjua baba yake kabla ya kuolewa. Filamu yake ilitoka mwaka wa 2008.

Likizo ya Lowestoft

Mfano wa pili haujulikani sana hapa nchini, lakini unafunza mengi. Ni *Save the Last Dance for Me*, tamthilia iliyozunguka kumbi za Uingereza mwaka wa 2012. Waandishi wake ni Laurence Marks na Maurice Gran, na nyimbo zake ni za Wamarekani wawili, Doc Pomus na Mort Shuman.

Hadithi inatokea mwaka wa 1963, mwaka uleule ambao Kenya ilijipatia uhuru. Dada wawili, Jennifer na mdogo wake Marie, wanatoka mji wa Luton kwenda likizo Lowestoft bila wazazi kwa mara ya kwanza. Lowestoft ni mji wa wavuvi na wa watalii katika eneo la Suffolk, na ndio mji ulio mashariki kabisa mwa Uingereza. Wakati huo Suffolk ilikuwa na kambi za jeshi la wanahewa la Marekani. Wasichana hao wanaalikwa kwenye dansi kambini, na Marie anampenda mwanajeshi Mmarekani mweusi.

Uzito wa jambo hilo unaonekana vyema ukikumbuka sheria za siku zile. Nchini Marekani, majimbo kadhaa yalipiga marufuku ndoa kati ya mweupe na mweusi, hadi Mahakama ya Juu ilipozifuta sheria hizo mwaka wa 1967. Nchini Uingereza, sheria ya kwanza ya kuzuia ubaguzi wa rangi ilipitishwa mwaka wa 1965, miaka miwili baada ya likizo hiyo ya kubuni. Marie hakuwa akichagua mtu wa kucheza naye dansi tu. Alikuwa akichagua kusimama mahali ambapo majirani na sheria za nchi ya mpenzi wake hazikutaka asimame.

Nyimbo za mapenzi zilizosikika redioni kama burudani nyepesi hubadilika zinapoimbwa na msichana wa namna hiyo. Hakuna neno lililoongezwa. Aliyebadilika ni mwimbaji, na pamoja naye yale anayoweza kupoteza.

Wimbo ulikuwa na hadithi yake tangu awali

Wimbo ulioipa tamthilia hiyo jina, ambalo maana yake ni "Niwekee dansi ya mwisho", ulitoka mwaka wa 1960 ukiimbwa na kundi la The Drifters, Ben E. King akiongoza. Ulipanda hadi nambari moja Marekani. Wengi huusikia kama wimbo wa kijana mwenye wivu kidogo.

Aliyeandika maneno yake, Doc Pomus, aliugua polio akiwa mtoto na alitembea kwa magongo. Mwaka wa 1957 alimwoa mwigizaji Willi Burke. Siku ya arusi yao hakuweza kucheza dansi, akakaa akimtazama bibi arusi akicheza na wengine. Baadaye kumbukumbu ile ikawa wimbo. Ukishajua hilo, ile dansi ya mwisho haibaki kuwa mchezo wa vijana. Inakuwa ombi la mtu anayejua kwamba hataingia uwanjani, ila anataka kurudi nyumbani na wake.

Kutoka kwenye kumbukumbu hiyo ya arusi, wimbo huo umehamia redioni, kisha kwenye tamthilia ya wasichana wa Lowestoft. Kila ulipohamia ulibeba maana mpya, na haki za waliouunda ziliufuata.

Wimbo maarufu si mali ya umma

Pwani ya Kenya ina mifano yake. *Jambo Bwana*, utunzi wa Teddy Kalanda wa kundi la Them Mushrooms, ulitoka katika muziki uliopigiwa watalii wa hoteli za pwani, na mwaka wa 1983 kundi la Boney M. likatoa toleo lake Ulaya. *Malaika*, uliorekodiwa na Fadhili William na kuimbwa na Miriam Makeba pamoja na wengine wengi, umekuwa na mabishano ya miaka mingi kuhusu nani hasa aliutunga. Nyimbo zote mbili zinajulikana hadi na watoto, lakini kujulikana si sawa na kukosa mwenyewe.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inalinda utunzi wa muziki katika maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Watunzi wakiwa wawili, hesabu huanza kwa yule aliyefariki mwisho. Pomus na Shuman walifariki wote mwaka wa 1991. Kwa hesabu hiyo, nyimbo walizotunga pamoja zitalindwa nchini Kenya hadi mwisho wa mwaka wa 2041.

Rekodi ina haki zake tofauti na za utunzi, nazo hudumu miaka 50 baada ya mwaka ilipotengenezwa. Kikundi kinachoimba chenyewe kwa ala zake kinahitaji ruhusa ya utunzi. Kinachocheza santuri au faili ya muziki nyuma ya waigizaji kinahitaji pia ruhusa ya mwenye rekodi. Maandishi ya mchezo nayo yana mwandishi wake, hata yakipatikana bure kwenye intaneti.

Nyimbo za kijadi, kama zile za mwanzele, sengenya, vugo na chakacha, zina sheria yake: Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka wa 2016. Sheria hiyo inatambua haki za jamii yenyewe, na inazipa serikali za kaunti wajibu wa kuweka rejista ya maarifa na sanaa hizo. Kikundi kinachotaka kupeleka wimbo wa kijadi jukwaani kwa malipo kinapaswa kwanza kuketi na jamii husika na kupata idhini yake.

Nani hutoa ruhusa gani?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliziachia kaunti shughuli za utamaduni, burudani za umma, maktaba, makavazi na fuo za bahari. Kwa hivyo ukumbi wa kijamii au uwanja wa ufuoni huombwa kwa afisi za kaunti. Hakimiliki, kwa upande mwingine, husimamiwa kitaifa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Barua ya kukubaliwa kutumia ukumbi si ruhusa ya kutumia wimbo. Vilevile, leseni ambayo hoteli au baa hulipia ili kupigia wateja muziki isichukuliwe kuwa inatosha kwa mchezo wa kuigiza.

Anayepuuza hatua hii hujiweka hatarini. Mwenye haki anaweza kwenda mahakamani kutaka onyesho lisimamishwe na alipwe fidia. Kikundi kitakuwa kimeshalipia mavazi, vyombo vya sauti na mabango, na watazamaji watakuwa wanadai pesa zao.

Wakaazi wanaopanga mchezo wa aina hii wanashauriwa kufuata hatua hizi:

1. Orodhesheni nyimbo zote pamoja na majina ya watunzi. Mwimbaji maarufu si lazima awe mtunzi: Ben E. King aliimba wimbo uliotungwa na Pomus na Shuman.
2. Ulizeni KECOBO ni shirika lipi lina idhini kwa sasa ya kusimamia haki za wanamuziki, na ni ruhusa zipi zitafutwe moja kwa moja kwa mtunzi, mchapishaji au mwenye rekodi.
3. Andikeni barua ya maombi ikitaja idadi ya maonyesho, ukumbi, idadi ya viti na bei ya tiketi.
4. Semeni wazi kama mtabadilisha maneno, kuyatafsiri, au kuweka video ya onyesho mtandaoni. Kila moja ya hayo linahitaji kukubaliwa.
5. Subirini jibu la maandishi kabla ya kuchapisha mabango au kuuza tiketi.
6. Mkishaandika mchezo wenu, usajilini kwa KECOBO. Hati ya usajili husaidia kuthibitisha kwamba kazi ni yenu iwapo mtu mwingine ataiiga.

Kikundi chenye mfuko mdogo si lazima kianze na nyimbo za ng'ambo. Miji ya pwani ina watunzi walio hai, wenye nyimbo za miaka mingi ambazo watu wa mtaa wanazijua kwa moyo. Mtunzi wa namna hiyo hufikika kwa miguu, na makubaliano yake yanaweza kuandikwa na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi: nyimbo zipi, maonyesho mangapi, na fungu lipi la mapato ya mlangoni. Vijana watapata nyimbo za kujengea hadithi yao, naye mtunzi atalipwa angali hai.