Mchele mmoja, mapishi mbalimbali: Mfanyabiashara avukaye mpaka ale wapi?

MFANYABIASHARA anayevuka mpaka hupanga mengi kabla ya kuondoka nyumbani: nauli, ushuru, hati za mzigo, bei ya kubadilisha fedha na mahali pa kulala. Chakula wengi hukiachia bahati. Hukumbukwa njaa inapouma, na mara nyingi huwa ni usiku, stendi ni ngeni na mfukoni zimebaki noti za nchi aliyotoka.

Bahati hiyo ina gharama yake. Tumbo likichafuka Malaba au Rusumo, siku nzima inapotea. Nyanya zinalainika, samaki wanaharibika, na mteja aliyekuwa akisubiri Kampala au Kigali ananunua kwa mwingine. Kwa mtu mwenye mtaji mdogo, sahani moja mbaya inaweza kula faida ya safari nzima.

Wazoefu wa njia hizi wana kanuni mbili. Ya kwanza: tazama nani anakula hapo. Ya pili: uliza chakula kwa jina la mwenyeji.

Samaki yuleyule, jina jingine

Kanuni ya pili huonekana ndogo mpaka mtu akae mezani. Samaki anayeitwa sangara Mwanza huitwa mbuta Kisumu, na Uganda huitwa mputa. Sato wa Tanzania ni ngege kwa Wakenya na Waganda. Dagaa wa Ziwa Victoria ni omena upande wa Kenya na mukene upande wa Uganda. Ziwa ni moja na wavu ni mmoja, lakini anayeomba sato Jinja anaweza kuambiwa hakuna huku samaki wenyewe wakikaangwa mbele yake.

Ziwa Tanganyika nako ni hivyo. Mgebuka anayeliwa kwa ugali Kigoma ndiye mukeke anayesifiwa Bujumbura, na dagaa huko huitwa ndagala. Sambaza wanaokaangwa kando ya Ziwa Kivu ni jamaa wa karibu: walipandikizwa humo kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Ugali una mtego wake. Uganda huitwa posho. Rwanda, anayeagiza ubugali anaweza kuletewa wa unga wa muhogo; akitaka wa mahindi aulize kawunga. Kisamvu cha Mtanzania ni isombe Rwanda na Burundi, na sombe mashariki ya Kongo. Viazi vya kukaanga ni chipsi Dar es Salaam na ifiriti Kigali. Wali wa Pwani, ukipanda bara ya Kenya au ukiingia Kongo, utasikia ukiitwa mchele hata ukiwa umeshaiva.

Chai pia ina mpaka. Kenya, ukisema chai tu, huletewa yenye maziwa. Tanzania, ukisema hivyohivyo, huenda ukaletewa ya rangi, mpaka uombe ya maziwa.

Kwa Muislamu, majina haya yanagusa imani. Kitimoto nchini Tanzania na akabenz nchini Rwanda ni nyama ya nguruwe, na hakuna neno lolote kati ya hayo linaloonyesha hivyo kwa mgeni. Asiyeijua lugha ya mahali aulize kabla ya kuagiza, maana baada ya kula swali halina faida.

Fuata wachukuzi

Kwa chakula cha wenyeji, mahali salama mara nyingi ni pale wanapokula wachukuzi, madereva wa malori na wauza soko. Watu hao hula hapohapo kila siku. Mpishi akiwaumiza leo, kesho hawarudi. Chakula kinachokwisha saa nane mchana ni kibichi cha siku hiyo. Sufuria iliyojaa saa kumi, bila wateja, ina swali.

Kwa mama lishe wa Kariakoo au kwenye vibanda vya Nairobi, chagua kinachotoka jikoni kikiwa na mvuke. Kachumbari na maji ya jagi ndivyo vya kuogopa zaidi kwa tumbo geni kuliko nyama iliyoiva vizuri.

Uganda, msafiri mwenye haraka ana roleksi: chapati iliyoviringishiwa mayai, kabichi na nyanya. Hukaangwa mbele ya macho ya mnunuzi, na hiyo ni nusu ya usalama wake. Asubuhi kuna katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na matumbo, maharage au karanga. Mwenye muda na fedha kidogo atafute luwombo, kuku au nyama iliyopikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba. Asiyepatana na karanga aseme mapema, kwa kuwa mchuzi wa karanga ni wa kila siku huko.

Rwanda, mchana ni wa sahani ya mchanganyiko: mteja hulipa bei moja na kujipakulia wali, ndizi, maharage, viazi na mboga. Kwa kawaida hupakua mara moja tu, na nyama huwa kwa kipimo. Mgeni anayepakua kidogo akitumaini kurudi huondoka na njaa. Jioni ni zamu ya mishikaki ya mbuzi.

Eastleigh, Nairobi, ambako wengi hufuata nguo na vitambaa, migahawa ya Kisomali huuza wali wenye viungo pamoja na nyama ya mbuzi au ngamia, na ndizi mbivu pembeni. Ndizi hiyo si tunda la kumalizia. Huliwa pamoja na wali. Hapo Muislamu hula bila wasiwasi.

Meza ya Mchina

Migahawa ya Kichina imekuwa sehemu ya safari hizi kwa sababu biashara yenyewe imefika huko. Wachina si wageni wapya katika kanda. Wafanyakazi waliojenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975 walikuwa na bustani zao za mboga kambini. Miongo minne baadaye, kampuni ya Kichina ilijenga reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza kubeba abiria 2017. Palipo na mafundi, wenye maduka na wenye viwanda kutoka China, mpishi hafiki mbali. Nairobi, maeneo ya Kilimani na Hurlingham yanajulikana kwa migahawa hiyo.

Lakini si kila penye taa nyekundu ni China. Migahawa mingi ya Kihindi ina ukurasa wa vyakula vya Kichina vyenye pilipili na vitunguu vingi. Upishi huo una asili yake: ulianzia kwa Wachina wa Kihakka walioishi Kolkata, India. Ni mtamu, ila anayetaka chakula cha China yenyewe asiuchanganye nacho.

Dalili ya mgahawa halisi ni ileile ya wachukuzi. Wachina wakiwa wanakula hapo, hasa familia na wafanyakazi wa kawaida, mpishi anajua kazi yake. Dalili nyingine ni orodha ya vyakula yenye herufi za Kichina na picha. Ukiona sahani nzuri meza ya jirani, mwonyeshe mhudumu kwa adabu.

Ni vyema pia kuuliza mpishi anatoka jimbo gani. Wa Sichuan hutumia pilipili kali na viungo vinavyotia ulimi ganzi. Wa Guangdong, jimbo la Guangzhou wanakokwenda wafanyabiashara wa Kariakoo na Kikuubo, hupenda mvuke, samaki na ladha ya taratibu. Wa kaskazini ni watu wa unga wa ngano: tambi, na jiaozi, vifuko vya unga vyenye nyama na mboga.

Bei huwatisha wanaokwenda peke yao. Sahani hupangwa katikati ya meza na kuliwa na wote, na wali huagizwa kando. Watu wanne wakichangia sahani tatu na wali, kila mmoja hulipa kidogo. Kinachobaki hufungwa kuchukuliwa.

Suala la halali linahitaji uangalifu zaidi. Katika upishi wa Kichina, chakula kilichoandikwa "nyama" bila kutajwa mnyama kwa kawaida ni cha nguruwe. Mafuta ya nguruwe na mvinyo wa mchele huweza kuingia hata kwenye sahani ya mboga. Uliza nyama, uliza mafuta, uliza mchuzi. Waislamu wa China wana migahawa yao, na alama yake ni herufi mbili, 清真. Anayekwenda Guangzhou azihifadhi kwenye simu.

Kwa anayenunua bidhaa kwa Wachina, meza hiyo ni sehemu ya kazi. Kwa desturi yao, aliyealika ndiye huagiza na ndiye hulipa, na mgeni wa heshima huketishwa akitazama mlango. Kuonja kila kinacholetwa, hata kidogo, ni heshima. Asiyekula kitu kwa sababu ya dini aseme mwanzoni, mwenyeji apate kuagiza kingine. Kukataa sahani ikiwa imeshafika huwaaibisha wote.

Saa na noti

Kuna mambo mawili ambayo huwanyima wengi chakula kizuri. La kwanza ni saa. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko nyuma kwa saa moja ya Tanzania, Kenya na Uganda. Anayetoka Rwanda saa nane mchana akivuka Rusumo hukuta ni saa tisa, na sufuria za mama lishe zimeshaoshwa. Mwezi wa Ramadhani nao hubadilisha ratiba: Zanzibar na miji mingi ya Pwani, migahawa mingi hufungwa mchana na kuchangamka baada ya magharibi.

La pili ni noti. Migahawa ya mpakani hupokea fedha za pande zote mbili, lakini kwa bei ya kubadilisha inayomfaa mwenye mgahawa. Msafiri mwenye fedha ndogondogo za nchi anayoingia hula kwa bei ya mwenyeji. Na aulize bei kabla ya kuketi.

Katika masoko ya Tanzania kuna mboga ya majani inayouzwa kila asubuhi kwa jina la chainizi. Mama lishe huikaanga kwa kitunguu na nyanya, akaiweka kando ya ugali na maharage, na mchukuzi huila bila kuuliza ilikotoka.