Mafunzo ya Fundi wa Mitungi ya Wapiga Mbizi

Mpiga mbizi hutegemea mtungi wa hewa aliouvaa mgongoni. Hata hivyo, mtungi huo ni wa hatari zaidi ukiwa nchi kavu, wakati unapojazwa. Ukipasuka hapo, anayeumia kwanza ni mjazaji. Kuzuia ajali hiyo ndiyo kazi ya fundi wa mitungi.

Chanzo cha hatari ni kanieneo, yaani kani inayokandamiza kila sehemu ya eneo. Kwa kanuni ya Boyle, mtungi wa lita 11 uliojazwa kwa kanieneo ya baa 200 huwa na hewa ambayo nje ingejaza takriban lita 2,200. Kila sentimita mraba ya ukuta wake husukumwa kwa kani iliyo karibu sawa na uzito wa kilo 200.

Mwanagenzi hufundishwa kwanza kukagua kwa macho. Huitoa hewa yote polepole, huifungua vali, kisha huingiza taa ndogo na kioo. Katika mtungi wa chuma hutafuta kutu. Kutu hudhoofisha ukuta, na mtungi wenye unyevu ukikaa muda mrefu, huweza pia kupunguza oksijeni iliyomo. Katika mtungi wa alumini huchunguza hesi za shingoni, ambapo nyufa zimewahi kuonekana katika mitungi ya zamani ya aloi iitwayo 6351.

Hufuata jaribio la maji, ambalo nchini Marekani hufanywa kila baada ya miaka 5. Mtungi uliojazwa maji hutumbukizwa katika chombo kingine cha maji, na kanieneo yake hupandishwa hadi 5/3 ya ile ya kawaida. Mtungi hutanuka na kusukuma nje maji yanayopimwa. Kanieneo ikiondolewa, metali nzima hurejea katika umbo lake. Utanukaji usiorejea ukizidi asilimia 10 ya utanukaji wote, mtungi haufai tena. Maji hutumiwa kwa sababu hayabanwi kwa urahisi kama hewa. Hivyo huhifadhi nishati kidogo, na mtungi ukipasuka hakuna mlipuko mkubwa.

Somo gumu kuliko yote ni kukataa. Mwenye mtungi huona rangi inayong'aa na kukumbuka bei aliyolipa. Fundi huona ufa mwembamba kama unywele. Hana budi kuutoa mtungi huo kazini, ili asiwepo fundi mwingine wa kuujaza.