Jina Lililo Juu ya Mlango wa Duka

Tuseme Bwana Fulani ana shamba Kinangop, na maziwa ya ng'ombe wake yamezidi mahitaji ya nyumbani. Yeye na jirani yake wakafungua duka la maziwa na chai penye njia panda. Jirani alileta jokofu, Bwana Fulani akatoa nyumba. Kijana mwenye rangi akaandika juu ya mlango: "Tumaini Dairy". Je, sheria yawataka wafanye nini?

Sheria ya Kusajili Majina ya Biashara ilitungwa mwaka 1951, na ingali na nguvu. Mtu afanyaye biashara kwa jina lake halisi, bila nyongeza, hana haja ya kulisajili. Akiongeza neno lingine, yampasa kusajili. Njoroge akiuza mahindi kwa jina la "J. Njoroge" hana kosa; lakini akiandika "Njoroge Posho Mill" amekwisha kuingia katika sheria. Muda wake ni siku 28 tangu alipoanza biashara. Wengi hungoja mpaka benki ikatae kuwafungulia akaunti kwa jina la duka, na huko ni kuchelewa.

Siku hizi maombi hupelekwa katika mtandao wa eCitizen, kwa Huduma ya Usajili wa Biashara iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Asiyejua mambo ya mtandao aende Huduma Centre aulize. Chukueni kitambulisho na namba ya PIN ya kodi, na fikirini majina zaidi ya moja, kwani Msajili aweza kukataa jina linalofanana na la mwingine, au linalowafanya watu wadhani duka ni la Serikali.

Sasa angalieni sana jambo hili. Bwana Fulani ndiye mwenye simu nzuri, basi huenda akajaza fomu peke yake na kuandika jina lake tu. Hana nia mbaya, ni haraka. Lakini akifariki, wanawe wataonyesha hati, na humo jina la jirani halimo. Mzee wa watu atakuwa na kazi kubwa ya kuthibitisha kwamba jokofu lile na nusu ya faida ni vyake. Sheria yataka wenzi wote waandikwe. Mama anayekamua na kuuza kila siku, ikiwa ni mwenzi katika biashara, naye aandikwe. Kisha mwenzi akitoka au akiingia, Msajili aarifiwe katika siku 28.

Wengine hudhani kwamba hati hiyo huwakinga na madeni. Sivyo. Jina la biashara si kampuni. "Tumaini Dairy" ikishindwa kulipia chakula cha ng'ombe, wanaodaiwa ni Bwana Fulani na jirani yake wenyewe, na mali yao yaweza kufuatwa, hata shamba.

Hati ikifika, itundikwe dukani mahali pa kuonekana, siyo kufungiwa sandukuni pamoja na karatasi za shamba. Kibali cha biashara cha kaunti ni kitu kingine, tena muuza maziwa yampasa kuwa na leseni ya Bodi ya Maziwa. Hati ya jina haishiki mahali pa hivyo viwili.