Asali Yako Ipimwe kwa Kipimo Kipi?

Wengi hupima asali kwa kiberiti, kwa glasi ya maji au kwa kuwaachia sisimizi waamue. Ni bure, ila hakuna kinachothibitishwa: shira nzito huzama majini sawasawa na asali. Kabla ya kulipia kipimo, jiulize unataka kujua nini.

Unyevu. Rifraktomita ni kifaa cha mkononi. Hununuliwa mara moja, tone moja linatosha, na jibu hupatikana papo hapo. Codex Alimentarius, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, inataka unyevu usizidi asilimia 20, kwa kuwa asali yenye maji mengi huchacha. Kila kikundi cha wafugaji nyuki kiwe nacho. Lakini hakifichui sukari iliyochanganywa.

Sukari ya miwa au mahindi. Hapa maabara hupima isotopi za kaboni, nawe hulipia kila sampuli. Sukari hiyo ikizidi asilimia 7, asali huhesabiwa kuwa imechakachuliwa. Shira ya mchele, hata hivyo, hupenya kipimo hiki.

Asali nzima kwa mpigo. Mtambo wa NMR hufuata kanuni ileile ya MRI ya hospitali, kanuni iliyowapa wanafizikia Felix Bloch na Edward Purcell Tuzo ya Nobel mwaka 1952. Asali huwekwa ndani ya sumaku kali, viini vya hidrojeni hupigwa mawimbi ya redio, na majibu yake huonyesha makumi ya viambato. Gharama iko kwenye sumaku yenyewe: hupozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Isitoshe, majibu hulinganishwa na sampuli zilizohifadhiwa. Asali ya miombo ya Tabora isipokuwamo, inaweza kuonekana ngeni ilhali ni safi. Wala NMR haitegemewi kuona mabaki madogo ya viuatilifu.

Ushauri wangu. Muuzaji wa soko la nyumbani anahitaji rifraktomita na mfugaji anayemfahamu. Kikundi kinachouza Ulaya kianze na isotopi. Kikifaulu, kilipie NMR kwa sampuli inayowakilisha mapipa yote, baada ya kuuliza maabara ina sampuli ngapi za asali ya kwetu. Katika ukaguzi wa Umoja wa Ulaya wa 2021 na 2022, sampuli 147 kati ya 320 za asali iliyoingizwa zilitiliwa shaka. Shaka hiyo humwangukia hata mfugaji mwaminifu, na cheti cha maabara ndicho kitakachomtetea.