Mzigo wa Mkononi: Vitu Visivyopaswa Kutengana na Msafiri

Parokia nyingi zina urafiki na parokia za Ujerumani, Italia au Marekani, na kamati huteua wajumbe wa kwenda kuwatembelea marafiki hao. Kwa wajumbe wengi hiyo huwa safari ya kwanza ya ndege. Mara nyingi nguvu zote huelekezwa kwenye begi kubwa la zawadi, na begi dogo hufungwa usiku wa mwisho. Tunashauri kuanza na begi dogo.

Sababu ni hii: begi kubwa husafiri chini ya ndege, na msafiri anapobadilisha ndege Addis Ababa, Doha au Amsterdam, linaweza kubaki nyuma. Hivyo basi, panga mzigo wa mkononi kana kwamba begi kubwa litachelewa siku mbili.

Vitu vya lazima

Beba mkononi pasipoti, barua ya mwaliko, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, fedha, sweta na nguo moja ya kubadilisha. Anwani na simu ya mwenyeji ziandikwe kwenye karatasi, maana simu huzima. Anayeingia Umoja wa Ulaya na fedha taslimu Euro 10,000 au zaidi, hata kama ni za parokia, lazima atoe taarifa forodhani.

Dawa zote za kila siku, kama za kisukari, shinikizo la damu au ARV, zikae mkononi katika pakiti zake, pamoja na barua ya daktari kwa Kiingereza. Insulini isiwekwe kwenye begi kubwa: inaweza kuganda kwa baridi, na ikishaganda haifai tena.

Vimiminika

Agosti 2006 polisi wa Uingereza walivunja njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji. Tangu Novemba mwaka huo, Umoja wa Ulaya uliweka sheria kwamba kila chupa isizidi mililita 100, na chupa zote zikae katika mfuko mmoja wa lita 1 unaoonesha ndani na kufungika. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa chupa, si kilichobaki ndani yake. Asali, siagi ya karanga na mafuta ya kujipaka navyo vimo. Asali ya zawadi basi iende kwenye begi kubwa. Dawa na chakula cha mtoto mchanga huruhusiwa kuzidi kiasi hicho, lakini vioneshwe kwa mkaguzi.

Siku hizi baadhi ya viwanja vimelegeza sheria hii kwa kuwa vina mashine mpya. Hata hivyo, uwanja mmoja tu wa njiani wenye sheria ya zamani unatosha kukunyang'anya chupa yako.

Betri na vyuma

Betri ya akiba ya kuchajia simu, yaani pawabanki, ni kinyume cha asali: ni marufuku kwenye begi kubwa, kwa sababu ikishika moto kule chini hakuna wa kuuzima haraka. Isizidi Wh 100, ambayo ni takriban mAh 27,000. Visu, na sime au mikuki ya zawadi, viende kwenye begi kubwa.

Jinsi ya kupanga

Mashirika mengi huruhusu kilo 7 tu mkononi, kwa hiyo pima nyumbani. Nguo ziwe chini. Mfuko wa vimiminika na vifaa vya umeme viwe juu, kwa kuwa mkaguzi huweza kutaka vitolewe.

Tena, weka pasipoti, fedha, dawa na pawabanki katika kipochi kimoja kidogo ndani ya begi. Ndege ikijaa, wahudumu huweza kuchukua begi lako mlangoni na kulipeleka chini. Hapo utatoa kipochi na kubaki nacho.

Tunaziomba kamati ziketi na wajumbe wiki moja kabla ya safari, mabegi yafunguliwe na kupimwa pamoja. Tiketi hulipwa kwa michango ya waumini na wafadhili. Mjumbe anayefika bila dawa zake huishia hospitalini badala ya kwenye mkutano aliotumwa.