Njia ya kwenda MLS haikupita Concorde

Tarehe 6 Agosti 2023, huko Frisco, Texas, watu walikuwa wamefungua televisheni kumuangalia Lionel Messi na Inter Miami yake. Messi alifunga mapema, dakika ya 6. Lakini dakika ya 45 bao lililowapeleka wenyeji FC Dallas mbele, 2-1, lilifungwa na kijana wa miaka 21 ambaye jina lake halimshangazi mtu wa Kivu: Bernard Kamungo.

Mchezo huo ulikuwa wa ajabu. Dallas walifika hadi 4-2, Miami wakarudi, Messi akasawazisha kwa mpira wa adhabu dakika ya 85, na mwisho Miami wakapita kwa penalti. Haikuwa mechi ya kirafiki. Leagues Cup, kombe linalokutanisha timu za Marekani na Kanada na zile za Mexico, linatoa tiketi tatu za kombe la mabingwa la Concacaf, ambalo kwao ni kama Ligi ya Mabingwa ya CAF kwetu. Miami walibeba Leagues Cup mwaka huo na wakaingia kwenye kombe la bara mwaka 2024. Dallas walibaki nyumbani.

Kamungo alizaliwa mwaka 2002 katika kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, Tanzania. Wazazi wake ni Wakongomani waliokimbia vita. Hapa Bukavu hakuna haja ya kueleza sana Nyarugusu ni nini: ilifunguliwa mwaka 1996, na wengi wa waliopokelewa pale walitoka jimbo hili la Kivu Kusini, wakavuka Ziwa Tanganyika kutoka Fizi na Uvira. Kuna familia ambazo wajukuu wao wamezaliwa palepale kambini.

Mwaka 2016 familia yake ilipewa nafasi ya kuhamia Marekani, ikafikia Abilene, Texas. Alikuwa na miaka 14. Alicheza mpira wa shule, kisha mwaka 2021 kaka yake akamwandikisha kwenye majaribio ya wazi ya North Texas SC, timu ya pili ya FC Dallas. Hakuwa na wakala, hakuwa amepita kwenye akademia yoyote. Walimchukua. Mwaka uliofuata alisaini na timu kubwa, na tarehe 20 Januari 2024 alivaa jezi ya timu ya taifa ya Marekani dhidi ya Slovenia, mechi waliyopoteza 1-0 huko San Antonio. Leopards hawakumpata.

Je, kijana wa Kadutu anayecheza vizuri kwenye uwanja wa Concorde angeweza kufuata njia gani kufika hapo? Kwetu kabumbu ni ngazi. Ekipe inaanzia mashindano ya mji, inapanda ligi ya jimbo, halafu Linafoot, na ikimaliza juu inaingia kwenye mashindano ya Afrika. Ni ngazi mbovu, yenye vidato vilivyovunjika, lakini ipo. Muungano na Bukavu Dawa wanajua ladha ya kupanda na uchungu wa kushuka. Mwaka 2024 AS Maniema Union, jirani zetu wa Kindu, walifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa na kupangwa pamoja na Mamelodi Sundowns, Raja Casablanca na FAR Rabat. Mji wa Kindu haukununua nafasi hiyo, waliishinda uwanjani.

MLS haina ngazi. Timu ya mwisho haishuki, na timu ya daraja la pili haipandi hata ikishinda mechi zote. Anayetaka kuingia analipa. San Diego FC, timu ya 30, iliyoanza kucheza mwaka 2025, iligharimu wenyewe dola milioni 500 za kiingilio tu, kabla ya kununua mchezaji hata mmoja. Kwa kulinganisha, Pyramids ya Misri ilipochukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka 2025, zawadi ya bingwa ilikuwa dola milioni 4. Ni kusema kwamba bei ya mlango wa MLS ni sawa na kubeba kombe la Afrika mara 125. Ligi nyingine ya huko, USL, ilipiga kura mwezi Machi 2025 kuanzisha utaratibu wa kupanda na kushuka kati ya madaraja yake. MLS haimo katika mpango huo.

Mlango mwingine ni wa chuo kikuu. Kila mwaka timu za MLS zinachagua kwa zamu vijana waliotoka vyuoni, katika kile wanachokiita drafti, na hapo Wakongomani waliwahi kutikisa. Mwaka 2009 wa kwanza kabisa kuchaguliwa alikuwa Steve Zakuani, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia London, akaenda Seattle Sounders. Mwaka 2010 wa kwanza alikuwa tena mzaliwa wa Kinshasa, Danny Mwanga, aliyechukuliwa na Philadelphia Union. Miaka miwili mfululizo, nchi ileile! Zakuani alivunjwa mguu Aprili 2011 katika mechi dhidi ya Colorado, akakaa nje zaidi ya mwaka, na aliacha mpira mwaka 2014 akiwa bado kijana.

Drafti ya 2022 ilimtoa pia Jojea Kwizera, aliyezaliwa Kongo, akasoma Utah Valley University na kuchukuliwa na Montréal. Baadaye alihamia Rhode Island FC katika ligi ya USL. Timu ya taifa anayochezea ni Rwanda, habari ambayo mtu wa Bukavu wa leo haisomi kirahisi. Shirikisho la Kongo linawafuata kwa bidii vijana waliozaliwa Paris na Bruxelles. Wale waliokulia Utah na Texas hawaonekani kuwa kwenye karatasi yake.

Na kwenye kombe lenyewe la bara, MLS ina nguvu gani? Hapa Mkongomani anaweza kucheka kidogo. Tangu ligi hiyo ianze mwaka 1996, ni timu zake tatu tu zimekuwa mabingwa wa Concacaf: D.C. United mwaka 1998, Los Angeles Galaxy mwaka 2000 na Seattle mwaka 2022. Kati ya 2006 na 2021 kombe halikutoka Mexico hata mara moja. Mwaka 2018 Toronto FC, yenye beki Chris Mavinga aliyewahi kuichezea DRC, ilifika fainali ikaanguka kwa penalti mbele ya Guadalajara. Klabu za Kongo zimeshinda kombe la mabingwa wa Afrika mara sita: Mazembe tano na Vita Club moja, mwaka 1973. Mazembe ilicheza fainali ya dunia dhidi ya Inter Milan mwaka 2010. Hakuna timu ya MLS iliyowahi kufika hapo.

Tarehe 1 Juni 2025 fainali hizo mbili zilichezwa siku moja. Huko Mexico, Vancouver Whitecaps ya MLS ilipigwa 5-0 na Cruz Azul. Huko Cairo, Fiston Mayele, mtoto wa Kongo, alifunga bao Pyramids ikiilaza Sundowns 2-1 na kuwa bingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo vipaji tunavyo, na makombe tumewahi kubeba. Tunachokosa ni ardhi tulivu ya kuchezea.

Ndiyo maana hadithi ya Kamungo inauma zaidi ukiitazama kutoka hapa. Mlango aliopitia haukuwa wa mpira. Ulikuwa wa wakimbizi. Katika mwaka wa bajeti 2024 Marekani ilipokea Wakongomani karibu 20,000 kwa njia hiyo, wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Tarehe 20 Januari 2025 rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha mpango huo. Haukupita mwezi: uwanja wa ndege wa Kavumu ukaangukia mikononi mwa AFC/M23 tarehe 14 Februari, na siku mbili baadaye mji wa Bukavu. Bila ndege, ekipe ya hapa haiwezi hata kwenda kucheza Kinshasa au Lubumbashi, sembuse Cairo.

Wiki hizo watu zaidi ya 60,000 walikimbilia Burundi, wengine wakivuka mto Rusizi kwa miguu na watoto mgongoni. Maelfu yao walilala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, Cibitoke, juu ya nyasi na kwenye ngazi za mashabiki, mvua ikinyesha. Sehemu yao walihamishiwa baadaye kambi ya Musenyi, kusini mashariki mwa nchi hiyo. Kwa mwaka wa bajeti 2026 Marekani imetangaza nafasi 7,500 za wakimbizi kwa dunia nzima, na nyingi zimepangiwa Wazungu wa Afrika Kusini.